UZI: Kombora linatoka baharini, sisi tuko mlimani

Mleta uzi (Tukuyu)

Wakuu salaam. Naandika kutoka Tukuyu, mvua imeanza tangu saa tisa usiku na umeme unakuja unakata, kwahiyo nikipotea katikati mjue sijaukimbia uzi.

Hii mada nimekaa nayo muda mrefu. Ilinianza pale Mwanjelwa kwenye kijiwe cha kahawa, tulikuwa tunabishana habari za vita kama kawaida, jamaa mmoja akasema haya makombora ya kurushwa kutoka melini ni shida ya watu wa pwani, sisi wa milimani yanatuhusu nini. Palikuwa na mzee mstaafu wa jeshi, Kagera alikuwepo, ni wale waliorusha zile roketi za BM-21 ambazo Waganda walizibatiza saba saba. Mzee akauliza swali moja tu, kutoka Kilwa mpaka hapa Mbeya ukinyoosha kamba ni kilomita ngapi? Kijiwe kizima kimya. Nilivyorudi nyumbani nikapima kwenye ramani, ni kama 670. Tomahawk, lile kombora la kruzi la Wamarekani linalorushwa melini, inaruka karibu kilomita 1,600. Yaani meli ikikaa kilomita mia mbili mia tatu ndani ya bahari, ambako hakuna mvuvi wa kuiona, Mbeya ipo ndani, Tunduma ipo ndani, Sumbawanga ipo ndani, na mafuta yanabaki.

Sisemi kuna mtu anapanga kutupiga. Nasema hii silaha imebadilisha maana ya kuwa mbali, na wengi wetu tunaiangalia kwenye taarifa ya habari kama mpira. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kukusanya parachichi, nanunua kwa wakulima upande wa Kiwira nawapelekea wanaosafirisha nje. Sio mwanajeshi. Lakini nina sababu yangu ya kuyafuatilia haya mambo tangu nikiwa mtoto, nitaifikia.

Kwanza kitu chenyewe, maana watu wanachanganya sana. Kombora la balistiki ni kama jiwe la manati, linatupwa juu kwa nguvu halafu linashuka lenyewe. Kruzi ni ndege kabisa, ina mabawa, ina injini ya jeti, tofauti yake na ndege ni kwamba haina rubani na hairudi. Tomahawk ina urefu wa mita 6 na kidogo ukiihesabu na busta yake, yaani roketi ya kuisukuma mwanzoni, uzito kama tani 1.6, kichwa cha vilipuzi kama kilo 450, na mwendo wake ni kama kilomita 880 kwa saa, yaani kasi ya ndege ya abiria tu. Inakaa kwenye shimo lililosimama wima ndani ya sitaha ya manowari, ikirushwa busta inaisukuma juu, busta inadondoka, mabawa yanafunguka, jeti inawaka, safari imeanza. Na kwa sababu jeti inavuta hewa ya njiani haibebi oksijeni yake kama roketi, ndo maana mwili mdogo vile unafika mbali vile.

Sasa mtu atauliza, kama ni kasi ya ndege ya abiria mbona haidunguliwi kirahisi. Inapita chini mno wakuu, mita 30, mita 50 juu ya ardhi. Rada inaona kwa mstari ulionyooka na dunia imepinda, rada iliyoko mita 10 juu ya ardhi tambarare italiona kombora linaloruka mita 30 likiwa limebaki kama kilomita 35 tu. Kwa mwendo ule hiyo ni dakika mbili na ushee. Dakika mbili uamke, utambue, uamue, ufyatue.

Naendelea, ngoja kwanza nichaji simu.

Mdau (Mafinga)

Kamwene wakuu. Mkuu uzi mzuri ila hapo kwenye kujua njia si useme tu linatumia GPS, mambo yaishe.

Mleta uzi

Kamwene kaka. Hapana, na hapo ndo utamu ulipo. Tomahawk zilianza kufungwa GPS kwenye toleo la tatu, 1993. Vita ya kwanza zimepiga 1991, ile ya Ghuba, Marekani na Iraq, bila GPS. Sasa zilionaje njia?

Chukua hivi. Panda Coaster pale Uyole usiku unakwenda Tukuyu, ukungu umefunga, pazia limeshushwa, huoni kitu. Ila wewe mwenyeji unajua ulipo. Gari linapanda, linapanda, masikio yanaziba, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, unajua hii ni Isongole. Halafu linaanza kushuka, kona, linashuka tena, unajua Kiwira hiyo inakuja. Hujaona kibao hata kimoja, umesoma mpando na mteremko. Kombora linafanya vilevile. Tumboni lina rada ndogo ya kupima kimo chake kutoka ardhini, linapita juu ya nchi linachukua vipimo, juu, chini, juu sana, bonde, halafu linalinganisha na ramani ya miinuko iliyohifadhiwa ndani yake. Likikuta limepotoka kidogo linajirekebisha. Mfumo unaitwa TERCOM. Likifika karibu na shabaha kuna kamera inapiga picha ya chini na kuilinganisha na picha iliyopewa kabla.

Kwahiyo nchi kama yetu hii yenye Rungwe, Uporoto, Kipengere na Livingstone kwa kombora ni kitabu kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Usangu ndo lingepata tabu, toka Igurusi kwenda Ubaruku ni bapa tupu, mpunga mpaka macho yachoke, hakuna cha kusoma. Na ile kamera nayo ingesumbuka, maana jaruba la Februari limejaa maji, la Mei ni njano, la Septemba ni vumbi, picha haifanani.

Na shida hiyohiyo iliwakuta Wamarekani kweli 1991. Kusini mwa Iraq ni jangwa bapa, kwahiyo njia nyingi za kwenda Baghdad zikapangwa kuzungukia juu ya milima ya Iran, ili makombora yapate kitu cha kusoma. Na njia zilikuwa chache, kwahiyo makombora yakawa yanapita palepale kila siku na wapiga mizinga wa Baghdad wakaanza kuzizoea njia zile. Vita ilianza alfajiri ya tarehe 17 Januari 1991, makombora yakitoka Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, zikiwemo meli kongwe za kipindi cha vita ya pili ya dunia, Missouri na Wisconsin. Mpaka vita inaisha zilirushwa karibu 290.

Leo zina GPS, ndio. Ila GPS inavurugwa, Ukraine na Urusi wanavurugiana kila siku, kwahiyo ile elimu ya kusoma milima haijatupwa.

Mdau (Songea)

Mkuu mi nitakupinga kidogo. Unaongea kama hii silaha ni mbaya kuliko zingine. Zamani walikuwa wanateketeza mji mzima ili wapate kiwanda kimoja. Leo kombora linaingia kwenye jengo linaloambiwa na nyumba ya jirani inabaki. Hiyo si afadhali?

Mleta uzi

Mkuu wa Songea hoja yako ni ya kweli na siipingi yote. Kulenga limeweza. Lakini kulenga na kuwa sahihi ni vitu viwili, na hapa ndo naingia kwenye ile sababu yangu.

1998 nilikuwa darasa la sita. Tarehe 7 Agosti mabomu yakalipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar es Salaam, asubuhi moja. Nairobi walikufa zaidi ya 200, Dar walikufa 11. Baba mdogo alikuwa Dar kipindi kile, dereva, na simu ya kumpata ilikuwa mpaka uende posta upange foleni. Bibi alikaa na redio ya mbao miguuni siku mbili hali chakula, RTD ikisoma taarifa anainamisha kichwa. Baba mdogo alikuwa mzima. Ila ule msiba ulikuwa wetu, waliokufa Dar ni watu wetu.

Baada ya siku 13, tarehe 20 Agosti, Marekani ikajibu. Manowari zilizokuwa Bahari ya Arabu zikarusha Tomahawk zikapita juu ya Pakistan kwenda kupiga kambi za al-Qaeda Khost, Afghanistan. Nyingine zikatoka Bahari ya Shamu kwenda Khartoum kupiga kiwanda kinaitwa Al-Shifa. Kwa jumla ni zaidi ya 70 usiku ule. Nakumbuka watu wazima pale nyumbani walifurahi, na mimi nilifurahi, nilikuwa mtoto nikaona haki imetendeka kwa ajili ya wale wa Dar.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba Al-Shifa kilikuwa kiwanda cha dawa. Wamarekani walisema wamechukua udongo karibu na kiwanda wakakuta kemikali ya kutengenezea sumu ya VX. Ushahidi wa kumaliza ubishi haukuwekwa hadharani mpaka leo, na mwenye kiwanda, mali zake zilizokuwa zimezuiwa Marekani, ziliachiwa 1999. Kile kiwanda kilikuwa kinatengeneza dawa za watu na za mifugo, sehemu kubwa ya dawa za Sudan zilitoka pale.

Kombora halikukosea wakuu. Lilikwenda mamia ya kilomita likaingia kwenye jengo lilelile lililotumwa. Na lilitumwa kwa jina la msiba wetu. Hicho kitu hakijawahi kunitoka.

Mdau (Iringa)

Samahani naingilia, mimi ni mfamasia hapa Iringa. Kaka umenigusa. Watu wanadhani kiwanda cha dawa kikiungua hasara ni majengo. Kwenye nchi yenye kiwanda kimoja cha maana, dawa ya malaria inayotengenezwa pale ndo ile mama anayoweza kuinunua. Kikiondoka unaagiza nje, inakuja kwa bei nyingine na kwa muda mwingine. Aliyekufa miezi mitatu baadae kwa kukosa dawa haandikwi popote kwamba amekufa kwa kombora. Mimi nimeshasimama dirishani nikamwambia mtu dawa haipo, najua ile sura.

Mleta uzi

Dada asante sana, umesema nilichokuwa nashindwa kukisema. Dada yangu yupo zahanati huku Rungwe na ananiambia hivyohivyo.

Na ndo ninapotaka tufike. Zamani kupiga nchi ya mbali ilibidi uombe uwanja wa ndege kwa jirani, upeleke marubani, na rubani akidunguliwa anaonyeshwa kwenye televisheni amefungwa mikono, mama yake analia. Hayo yote yalikuwa breki. Kombora la melini limeondoa breki zote kwa mpigo. Bahari kuu haina mwenyewe, huombi ruhusa ya kuegesha. Hakuna rubani wa kutekwa. Kiongozi akiamka na hasira, au akiwa na haja ya kuonekana amefanya kitu, jibu liko tayari limesimama kwenye shimo linasubiri namba.

Angalia 2017. Tarehe 7 Aprili manowari mbili, Porter na Ross, zikiwa mashariki ya Mediterania zikapiga uwanja wa Shayrat Syria kwa Tomahawk 59, baada ya shambulio la sumu la Khan Sheikhoun. Makombora 59, kila moja ni kama dola milioni moja na nusu hadi mbili, pigeni hesabu wenyewe. Kesho yake ndege za Syria zikaruka kutoka uwanja uleule. Njia ya kurukia haikulengwa kabisa. Mimi hapo naona ilikuwa ni barua, na barua ya bei ile sio vita na sio amani, ni kitu cha katikati ambacho hakijatafutiwa jina.

Mkuu wa Songea, kuhusu nyumba ya jirani kubaki. Tarehe 14 Julai 2022 makombora ya kruzi ya Urusi, Kalibr, yakarushwa kutoka nyambizi kwenye Bahari Nyeusi yakapiga katikati ya mji wa Vinnytsia, Ukraine, mji uliopo mamia ya kilomita kutoka uwanja wa mapigano. Mchana kweupe. Urusi ikasema ililenga kikao cha maofisa. Walikufa zaidi ya 20 na watoto wakiwemo. Kalibr nayo ni kombora la kulenga.

Mdau (Dar, kwetu Njombe)

Wakuu mi naona mnapoteza muda na teknolojia ya zamani. Dunia imeshahamia haipasoniki, yale ya kasi ya zaidi ya mara 5 ya sauti. Urusi wana Tsirkon inatoka melini, wenyewe wanasema inaenda mara 8 mpaka 9 ya kasi ya sauti, hata BrahMos ya India na Urusi, ambayo haifiki haipasoniki, ni karibu mara 3. Tomahawk inaenda kama basi. Hizo ni za makumbusho sasa.

Mleta uzi

Mkuu wa Njombe, basi lakini linafika. Juni 22 mwaka 2025 Marekani ilipopiga vituo vya nyuklia vya Iran, ndege za B-2 zilibeba yale mabomu makubwa kwenda Fordow na Natanz, Isfahan ikapigwa kwa Tomahawk zaidi ya 24 kutoka nyambizi. Hao wana kila kitu duniani na bado wameitumia hiyo ya makumbusho. Haipasoniki ni ghali mno na ni chache, na ukienda kasi vile hewa inachemka mbele ya pua, unang'aa kwa joto, halafu kuruka mita 30 juu ya ardhi kwa kasi ile haiwezekani. Yenye kujificha na yenye kukimbia ni njia mbili tofauti, zote zitakuwepo.

Na kilichonishtua mimi zaidi sio kasi, ni udogo wa meli. Sikilizeni hii. Tarehe 7 Oktoba 2015 Urusi ilirusha Kalibr 26 kwenda Syria. Zilitoka wapi? Bahari ya Caspian, ambayo ni kama ziwa, imezungukwa na nchi kavu pande zote. Meli nne. Tatu kati ya hizo ni vimeli vya daraja la Buyan-M, tani kama 950 kila kimoja, mashimo manane tu ya kurushia. Makombora yakapita juu ya Iran na Iraq, kilomita kama 1,500.

Tafsiri yake kwa sisi watu wa huku, chukua chombo cha saizi ya kawaida kiko Ziwa Nyasa, kimetia nanga pale bandari ya Kiwira, Kyela, kinapiga mpaka maeneo ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya. Kutoka ziwani! Kabla ya siku ile watu walidhani hii kazi ni ya manowari kubwa za bahari kuu tu. Na tena kuna siri ya kisheria hapo, ule mkataba wa INF wa 1987 kati ya Marekani na Usovieti ulikataza makombora ya kurushwa kutoka nchi kavu ya kilomita 500 hadi 5,500. Ya melini haukuyagusa. Kwahiyo mwenye kutaka masafa yale akayapandisha melini, hata kama meli yenyewe iko kwenye ziwa. Mkataba wenyewe ulikufa 2019.

Mdau (Tunduma)

Nauliza kama dereva. Hayo makombora yakiisha melini wanajazaje? Sisi tukiishiwa mafuta Chimala tunaletewa dumu.

Mleta uzi

Swali la maana kuliko yote humu mkuu. Hawajazi. Mafuta, chakula, risasi, vyote wanapokezana baharini meli mbili zikienda sambamba, lakini kombora la tani moja na nusu kuliingiza wima kwenye shimo wakati meli inayumba ni kazi nyingine. Kwa kawaida manowari inabidi irudi bandarini yenye kreni. Wamarekani Oktoba 2024 walijaribu kuhamisha kasha la kombora likiwa tupu kwenda kwenye meli yao Chosin ikiwa inasafiri, na hilo tu lilikuwa habari kubwa kwao, ujue ilivyo ngumu.

Destroya, yaani manowari zao za daraja la Arleigh Burke, zina mashimo 90 hadi 96. Nyingi. Ila mashimo hayohayo ndo yanabeba na makombora ya kujilinda, kila shimo ulilopa Tomahawk umelinyima la kudungua ndege. Wenye ghala kubwa ni zile nyambizi nne za Ohio, moja inabeba mpaka Tomahawk 154. Moja yao, Florida, ilirusha zaidi ya 90 Libya mwaka 2011, nyambizi moja tu.

Halafu meli yenyewe nayo ni shabaha. Hili limejulikana tangu tarehe 21 Oktoba 1967, manowari ya Israeli, Eilat, ilizamishwa karibu na Port Said na makombora ya boti ndogo za Misri, wakafa 47. Boti ndogo imezamisha manowari! Na Aprili 2022 Moskva, meli kiongozi ya Urusi Bahari Nyeusi, ikapigwa na makombora mawili ya Ukraine, Neptune, kutoka nchi kavu ikazama. Septemba 2023 nyambizi Rostov-na-Donu, ambayo nayo ni mbebaji wa Kalibr, ikapigwa ikiwa kwenye karakana Sevastopol. Baada ya kupigwapigwa meli nyingi zikahamishiwa bandari ya Novorossiysk kule Urusi. Bado zinarusha, ila zinarusha zikiwa zimejificha mbali, na Ukraine haina hata manowari ya maana.

Mdau (Makambako)

Mi nauza pembejeo hapa Makambako. Niseme ya upande wangu. 2024 nilikuwa nafuatilia ile meli ya Rubymar kama nafuatilia mgonjwa wa familia. Ilikuwa na mbolea zaidi ya tani 21,000. Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, wakaipiga tarehe 18 Februari, ikaelea inavuja siku kadhaa, tarehe 2 Machi ikazama. Mzigo haukuwa wa kuja kwetu, najua. Lakini tani 21,000 mnajua ni nini? Fuso ikibeba tani kumi ni safari 2,100. Foleni ya Fuso toka hapa mpaka sijui wapi, yote chini ya bahari. Mkulima anakuja dukani anauliza bei imepanda kwanini, namwambia kuna vita baharini, ananiangalia kama namdanganya.

Mleta uzi

Kaka wa Makambako nakuelewa mpaka mwisho, maana hapo ndo vita yenyewe ilipoingia kwenye tenga langu.

Wahouthi walianza kushika na kupiga meli za biashara Novemba 2023. Januari 12, 2024 Marekani na Uingereza wakaanza kuwapiga Yemen, Tomahawk zikatoka kwenye manowari na kwenye nyambizi, ileile Florida ya Libya. Waingereza wenyewe walituma ndege kutoka Cyprus kwasababu manowari zao za juu ya maji kipindi kile hazikuwa na kombora la kupiga nchi kavu, nyambizi zao ndo zinazo.

Na hapa nilitegemea, nakiri, kwamba wakipigwa wiki mbili tatu njia itafunguka. Nilikuwa na mzigo. Haikufunguka. Kwasababu kombora la dola milioni mbili linapiga ghala, mwenye ghala ana pango lingine, ana droni ya bei ya gari kuukuu anairusha usiku, na manowari inatumia kombora lingine la mamilioni kuidungua. Na lile shimo likishatumika hamna kreni karibu. Rubymar imezama wiki saba baada ya mashambulizi kuanza. Kama silaha hii ingekuwa inamaliza kazi kama inavyosifiwa, Rubymar isingezama.

Meli za makontena nyingi zikaacha kupita Bab el-Mandeb, ule mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, siku 10 mpaka 14 zaidi. Chuma kinavumilia siku 14. Parachichi halivumilii. Hata kwenye kontena la baridi linaendelea kuishi, linazeeka taratibu, linafika Ulaya limeanza kulainika na mnunuzi anashusha bei au anakataa. Msimu ule niliyekuwa nampelekea mzigo aliniambia nisubiri, halafu akaniambia nipunguze, halafu akachukua nusu. Mimi ndo niliyerudi kwa wakulima. Kuna mama mmoja mjane Kiwira, miti yake arobaini aliipanda yeye mwenyewe akiwa na mtoto mgongoni, nimesimama uwanjani kwake matenga yamejaa, namweleza. Hakunigombeza. Alinikaribisha chai.

Mdau (Mafinga)

Pole sana kaka. Sasa swali la mwisho kutoka kwangu, nchi kama yetu inajikingaje na kitu kama hicho? Au ndo tukae tu?

Mleta uzi

Nikujibu ninavyojua. Adui wa kruzi ni kimo. Rada ukiiweka juu mlimani inaona mbali zaidi kuliko ya bondeni, kwahiyo kwa hilo tumejaliwa, toka kilele cha Rungwe unaona mpaka ziwani siku ya jua. Ila milima hiyohiyo ina mabonde nyuma yake na kombora linajua kupita bondeni. Wenye uwezo wanarusha ndege zenye rada ziangalie kutoka juu kwenda chini. Hiyo ni gharama ambayo hata nchi tajiri zinalalamika. Kwa nchi ya kawaida kinga kubwa ni kutokuwa shabaha ya mtu, na kupiga kelele kwenye vikao vya dunia pale kiwanda cha dawa cha mwenzako kinapopigwa bila ushahidi kuonyeshwa. 1998 ni nchi ngapi zilidai kuonyeshwa ule udongo? Sudan waliomba wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waje waangalie, Marekani ikapinga, ikaishia hapo. Sisi tuliokuwa na msiba ndo tulikuwa na haki ya kwanza ya kuuliza.

Yule mzee wa Mwanjelwa nilimrudia na jibu la kilomita 670. Akaniuliza swali la pili, na kurudi? Nikamwambia mzee halirudi. Akatikisa kichwa muda mrefu, akasema wao Kagera waliporusha walikuwa wanakwenda kwa miguu baadae kupita palepale walipopiga, wanaona. Hakuongeza neno.

Umeme umekata tena, betri nina asilimia 9. Kesho alfajiri naenda Kiwira kuchuma. Siku hizi mnunuzi kabla hajanitajia bei ananiuliza kwanza meli itapita wapi, na yule mama nikifika, kabla sijashusha matenga, ananiuliza "mwanangu, ile njia yao imefunguka?" Namwambia ngoja niulizie. Ndaga fijo wakuu, nitarudi kusoma.